Hadithi Gani Imfundishe Mtoto Kiingereza?

Katika nyumba nyingi za Magomeni, hapa Kilosa, na hata kushuka njia ya Mikumi, wazazi wauliza siku hizi jambo moja: mtoto wetu mdogo tumsomee kitabu gani nyumbani ili apate Kiingereza? Swali hilo si la majivuno. Mtoto wetu husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha aingiapo Kidato cha Kwanza hukuta masomo karibu yote, hesabu, historia na elimu ya viumbe, yamevikwa Kiingereza. Aliye tayari hupita. Asiye tayari hukaa kimya miaka minne, na watu humwita mjinga. Kumbe si mjinga, bali lugha ya mwalimu haikumfikia. Basi mzazi ashughulikaye na jambo hili mapema aziba ufa asije akajenga ukuta.

Tena wakati umekuwa mfupi. Tangu 2015 Kiingereza kilianza Darasa la Tatu, na madarasa mawili ya kwanza yaliachiwa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umekiweka Kiingereza tangu Darasa la Kwanza. Hivyo mtoto mdogo akutana na lugha mbili za vitabu kwa wakati mmoja, naye pengine nyumbani kwao bibi husema Kikaguru au Kisagara. Mzigo huo ni mzito, na mzazi ana haki ya kutafuta wa kumsaidia mtoto kuubeba.

Lakini kwanza nieleze neno moja, lisije likaleta fitina. Kule Marekani na Uingereza wako wazazi wasiopeleka watoto wao shule kabisa. Huwafundisha wenyewe nyumbani, na sheria za huko zawaruhusu. Kwetu Sheria ya Elimu ya 1978 yataka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe shule na ahudhurie. Kwa hiyo ninenapo juu ya mafundisho ya nyumbani, sineni juu ya kumtoa mtoto shuleni. Nanena juu ya nusu saa ya jioni, baada ya maji kutekwa na kabla ya chakula kuiva, ambapo mtu mkubwa huketi na mtoto na kitabu kimoja. Nusu saa hiyo ni mali. Nataka tuipime mipango iliyotungwa na wenzetu wa ng'ambo kwa ajili ya saa kama hiyo, tuone kipi chatufaa na kipi si chetu.

Mipango hiyo ina msingi mmoja mzuri. Haimwanzishi mtoto kwa orodha za maneno wala kwa kanuni za sarufi. Humwanzisha kwa hadithi. Mtu mkubwa husoma kwa sauti, mtoto husikiliza, halafu mtoto husimulia. Aliyeieneza sana njia hii alikuwa mwalimu wa Kiingereza, Charlotte Mason, aliyezaliwa 1842 na kufa 1923. Mwaka 1886 alichapisha kitabu chake cha malezi ya nyumbani, na mwaka 1892 akafungua nyumba ya kufundishia walezi katika mji mdogo wa Ambleside. Alisema kwamba mtoto apewe kitabu chenye uhai, kilichoandikwa na mtu alipendaye jambo lake, wala asipewe muhtasari mkavu. Kisomwe mara moja, kwa utulivu. Kisha mtoto aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichosikia. Na masomo ya wadogo yawe mafupi, yasipite dakika ishirini.

Haya hayatakuwa mageni kwa mtu wa Ukaguru. Bibi zetu hawakufundisha kwa kalamu. Walisimulia jioni, na kesho yake wakamwambia mtoto, "Haya, leo wewe." Mtoto aliyeshindwa kusimulia alijulikana mara moja kwamba jana alilala. Mwalimu yule wa Ambleside aliandika vitabu juu ya jambo ambalo sisi tulikuwa nalo bila kuliandika, wala hilo halimpunguzii heshima.

Sasa tuitazame mipango yenyewe, mmoja mmoja.

Wa kwanza ni ule unaofuata mafundisho ya Charlotte Mason, ulioanzishwa 2001 na akina mama wa Marekani, nao huitwa AmblesideOnline. Wema wake mkubwa ni kwamba hutolewa bure katika intaneti, na vitabu vyake vingi ni vya kale, ambavyo mtu aweza kuvipata bila kulipa. Mwenye simu yenye intaneti aweza kuuona mpango mzima akiwa Magomeni. Ila kwa mtoto wetu mdogo mpango huu una miiba. Katika mwaka wake wa kwanza mna hadithi za Esopo, nazo ni njema. Lakini mna pia "Our Island Story", kitabu cha 1905 kinachosimulia historia ya Uingereza kwa watoto wa Uingereza, na hadithi za wanyama za Rudyard Kipling za 1902. Kipling ni fundi, lakini hucheza na maneno na kuyabuni mengine, na anayejifunza Kiingereza hawezi kutambua lipi ni neno la kweli na lipi ni la mchezo. Zaidi ya hayo, vitabu vya zama zile havikosi mahali pa kumtaja Mwafrika kwa dharau. Mtu mzima aweza kusoma akakemea. Mtoto wa miaka sita ataimeza dharau pamoja na lugha. Basi katika mpango huu tuchukue njia, yaani usikivu, usimulizi na ufupi wa somo, wala tusibebe rafu nzima ya vitabu.

Wa pili ni Sonlight. Huu ulianzishwa 1990 huko Colorado na John Holzmann na mkewe Sarita, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuzisaidia familia za wamisionari wa Marekani waliokaa nchi za mbali, watoto wao wasiwe nyuma. Humpa mzazi sanduku la vitabu vya mwaka mzima pamoja na ratiba ya kila siku: leo kurasa hizi, kesho zile. Sifa yake ni utaratibu. Mzazi hakai akikuna kichwa asome nini. Tena hadithi zake zimechaguliwa na watu wapendao vitabu, nazo zatoka nchi nyingi. Lakini angalia kwa nani ulitungwa. Ulitungwa kwa mtoto ambaye Kiingereza ni lugha ya mama yake, akaaye ugenini na kuhofiwa asije akaisahau nchi yake. Mtoto wa Magomeni yuko kinyume chake kabisa. Yeye yuko kwao, na Kiingereza ndicho kigeni. Sanduku lile humshika mkono mtu mwenye kurudi. Huyu wetu anaanza kuondoka. Na bei yake ni mamia ya dola za Marekani kwa mwaka mmoja. Simshauri mkulima wa ufuta auze magunia kwa ajili ya sanduku ambalo robo tatu yake haitafunguka kwa mtoto wake.

Wa tatu ni Five in a Row, uliotungwa na mama mmoja wa Marekani, Jane Claire Lambert, na kutolewa tangu miaka ya 1990. Huu ni mwepisi kuliko yote. Hutwaa kitabu kimoja cha picha, kifupi, na kukisoma siku tano mfululizo. Hadithi ni ile ile, lakini kila siku mtoto huulizwa jambo jingine: leo nchi ya hadithi iko wapi, kesho hesabu, kesho kutwa michoro. Wengine watasema kwamba kurudia kitabu kimoja siku tano ni umaskini. Mimi naona ndiyo hekima ya mpango huu. Mtoto mdogo hachoki kusikia hadithi aipendayo. Mkubwa ndiye achokaye. Na kwa ajifunzaye lugha ngeni, siku ya kwanza husikia kelele, siku ya pili hutambua jina la mnyama, siku ya tatu husubiri neno lile lirudi, siku ya nne hulitamka kabla ya msomaji, siku ya tano limekwisha kuwa lake. Upungufu wake ni kwamba kitabu cha kumwongoza mzazi kimeandikwa kwa Kiingereza cha mtu mzima, tena chadhani kwamba jirani kuna maktaba. Lakini njia yenyewe haina hakimiliki. Aweza kuifuata mtu yeyote mwenye kitabu kimoja.

Sasa mipango yote mitatu, pamoja na uzuri wake, ina kosa moja la pamoja kwetu, wala si kosa la watungaji bali la kuihamisha bila kufikiri. Yote yadhani kwamba Kiingereza kimekwisha kuwamo nyumbani. Mtoto wa Kiingereza aanzapo kusoma, masikio yake yana maneno maelfu. Kazi yake ni kuyatambua katika maandishi tu. Mtoto wetu ana kazi mbili: kulipata neno, na kulisoma. Na maandishi ya Kiingereza si maaminifu kama yetu. Katika Kiswahili herufi "a" husomeka namna moja popote uikutapo. Katika Kiingereza herufi hiyo hiyo husomeka namna moja katika neno lao la paka, namna nyingine katika neno la keki, na ya tatu katika neno la mpira. Mtoto asiyejua bado kwamba herufi ni alama za sauti, akianzia hapo, huona kwamba kusoma ni kukariri tu. Ndipo utamwona "asoma" ukurasa mzima huku macho yake yako juu ya dari.

Kwa sababu hiyo nasema: mtoto awe kwanza msomaji wa Kiswahili. Haina maana kwamba asisikie Kiingereza kabla. Asikie sana, kwa hadithi. Lakini ufunguo wa kusoma autengeneze kwa lugha ambayo masikio yake yamejaa. Akiisha kuupata, ataugeuza katika kufuli nyingine.

Wako watakaopinga: "Mwalimu, Kiswahili atakipata tu; muda wote upewe Kiingereza." Hoja hii nimeisikia mara nyingi, tena husemwa na watu wenye mapenzi mema. Lakini mwaka 2010 watu wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba Tanzania wakiwapima watoto, waliona kwamba katika wanafunzi kumi wa Darasa la Tatu, kama watatu tu waliweza kusoma hadithi rahisi ya Kiswahili ya Darasa la Pili, na kwa Kiingereza kama mmoja. Basi si kweli kwamba Kiswahili "hupatikana tu". Kusema hupatikana, kusoma hufundishwa. Na yule asiyeweza kusoma lugha aisemayo, ataisomaje asiyoisema?

Nitoe ushahidi mwingine, wa zamani na wa karibu nasi. Edward Steere alifika Unguja 1864, Mwingereza asiyejua lugha ya watu wa pwani. Alijifunzaje? Aliandika sarufi, ndiyo. Lakini pia aliketi na watu, akawaomba hadithi zao, akaziandika kama walivyozisimulia. Mwaka 1870 zilichapishwa London kwa jina la "Swahili Tales". Ukikifungua kitabu hicho wakuta ukurasa mmoja Kiswahili, na ukurasa uukabilio Kiingereza, hadithi ile ile. Mgeni aliyetaka kuijua lugha yetu hakuona aibu kuiweka lugha ya mama yake mkabala, imsaidie. Wala hakuna aliyesema kwamba Kiingereza chake kilimchelewesha. Mtu huyo baadaye, tangu 1874, akawa askofu, na Kiswahili chake kilitosha kufasiria Maandiko. Ikiwa njia ile ilimfaa mtu mzima mwenye elimu kubwa, kwa nini tumnyime mtoto wetu wa miaka saba?

Hii basi ndiyo mizani ninayoileta. Kabla ya kununua kitabu cha hadithi cha Kiingereza kwa mtoto mdogo, mzazi aulize mambo matatu. La kwanza: je, vitu vinavyotajwa mtoto avijua tayari, ili ajifunze jina tu, asijifunze kitu na jina pamoja? La pili: je, maneno hurudi, au kila ukurasa waleta maneno mapya kama mafuriko? La tatu, nalo ndilo kubwa: je, hadithi ina fundo, hata mtoto aulize "Kisha ikawaje?" na kesho aweze kuisimulia kwa Kiswahili? Kitabu kikishindwa jambo la tatu, hata kiwe na rangi nzuri namna gani, ni pambo.

Tuijaribu mizani kwa vitabu vitatu vinavyopendwa sana duniani.

"The Very Hungry Caterpillar" cha Eric Carle, cha 1969, ni habari ya kiwavi mdogo atokaye yaini, akala siku baada ya siku, akajifungia, akawa kipepeo. Kwa maneno kurudia hakina mwenzake: siku za juma, hesabu za moja hadi tano, na neno moja la njaa linalorudi kila mara. Lakini siku ya Jumamosi kiwavi hula vyakula vingi vya ajabu, jibini na nyama za kukaushwa na vitamu vya madukani, ambavyo mtoto wa Kilosa hajaviona. Hapo msomaji apite upesi bila kueleza kimoja kimoja. Tena liko jambo ambalo mtungaji hakulijua: mtoto wa mkulima humjua kiwavi kuwa ni adui. Ameona viwavijeshi wakimaliza mahindi. Atauliza kwa nini huyu hauawi. Msimkataze kuuliza, swali hilo lina thamani kuliko ukurasa mzima. Nakipa kitabu hiki nafasi ya pili.

"Handa's Surprise" cha Eileen Browne, cha 1994, kimewekwa Kenya, katika nchi ya Wajaluo. Binti Handa ajitwika kikapu chenye matunda saba ya namna saba ampelekee rafiki yake Akeyo. Njiani wanyama wamwibia tunda moja moja, yeye asijue. Mwisho mbuzi augonga mchenza, machenza yaanguka yakajaza kikapu, na Akeyo afurahi, maana tunda hilo ndilo alipendalo. Ndizi, pera, chungwa, embe, nanasi, parachichi: hakuna tunda hapo lisilouzwa sokoni kwetu. Maneno ni machache. Na uzuri wake ni huu, kwamba maneno hayaelezi wizi wenyewe. Picha ndizo ziuonyeshazo. Mtoto aona asilolijua Handa, akapiga kelele, "Tumbili huyo!" Asemapo hivyo amekwisha kuwa msomaji. Mtu wa Mikumi atacheka kidogo, maana ajua kwamba tembo haji nyuma ya mtu kuchukua embe kichwani kwa adabu namna ile. Tembo akiingia, shamba zima hulia. Lakini mtoto ajua mchezo wa hadithi tangu kwa sungura na fisi. Kitabu hiki nakipa nafasi ya kwanza kwa mtoto anayeanza.

"The Story About Ping" ni cha 1933, kimeandikwa na Marjorie Flack na kuchorwa na Kurt Wiese. Ndicho kitabu kiongozacho mpango wa Five in a Row. Ping ni bata mdogo akaaye na jamaa zake katika mashua juu ya mto Yangtze, Uchina. Kila jioni bata huitwa warudi, na wa mwisho kupanda hupigwa kofi dogo mgongoni. Siku moja Ping achelewa, aogopa kofi, ajificha. Mashua yaondoka. Kesho yake akamatwa na watu wa mashua nyingine, afunikwa kwa tenga ili aliwe jioni. Mtoto wa nyumba ile amhurumia, amwachilia. Ping aiona mashua yao, naye tena ni wa mwisho. Lakini safari hii apanda, apokea kofi lake, arudi kwa ndugu zake. Nchi ni ya mbali, lakini mtoto wa kando ya mto Mkondoa aujua mto, amjua bata, na tenga alifunikalo kuku amelitumia mwenyewe. Na fundo la hadithi hii ni zito kuliko la zile mbili: ni afadhali kofi la nyumbani kuliko uhuru wa kupotea. Lugha yake ni ndefu kidogo, haimfai mwanzo. Lakini baada ya mwaka mmoja wa hadithi fupi, hiki ndicho nitakachompa. Chaonyesha pia kwamba mizani yangu haitaki mtoto afungiwe katika nchi yake. Yataka tu pawe na mahali pa kukanyaga kabla ya kuvuka.

Sasa niseme juu ya vitabu vya nyumbani, maana wengi hutafuta mbali kilicho karibu. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia watungaji na wachapaji wetu kutoa vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa watoto, navyo hufaa sana kwa kile nilichokiita kutengeneza ufunguo. Tangu 2014 pia uko mkusanyo wa African Storybook, kazi ya shirika la Saide la Afrika ya Kusini, wenye hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika. Hadithi hutolewa bure, zaweza kusomwa katika simu au kuchapwa katika karatasi, na nyingi hupatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, hadithi ile ile. Hapo ndipo ulipo ukurasa wa Steere uliogeuzwa kwa faida yetu.

Lakini mhakiki asisifu tu kwa sababu kitu ni cha Kiafrika na ni cha bure. Hadithi za mkusanyo ule hazina uzito sawa. Baadhi ni hadithi kweli, zenye njaa na hila na hofu na kicheko. Nyingine ni sentensi zilizopangwa tu: huyu alima, yule apika, wote wafurahi. Hizo zapita katika jambo la kwanza na la pili la mizani, zikaanguka katika la tatu. Mtoto hatauliza "Kisha ikawaje?" kwa sababu hapakuwa na kitu. Mzazi asome kwanza peke yake, achague. Watungaji wetu nao wasidhani kwamba kwa kuwa msomaji ni mdogo, hadithi yaweza kukosa mfupa. Sungura wa bibi hakukosa mfupa kamwe.

Labda neno gumu kuliko yote ni hili: "Mimi mwenyewe sijui Kiingereza, nitamsomeaje?" Mama wengi wamenyamaza kwa sababu ya neno hilo, wakaona kwamba jambo hili si lao. Kumbe ni lao. Katika nyumba nyingi yuko kaka au dada aliye sekondari. Huyo asome kwa sauti. Asipokuwapo, yuko kijana wa jirani. Kisomo kikiisha, mama, huku akichambua mchicha, amwulize mdogo kwa Kiswahili: "Haya mwanangu, Handa alikuwa akienda wapi? Nani alimwibia? Kisha ikawaje?" Mtoto akiweza kumsimulia mama yake hadithi aliyoisikia kwa Kiingereza, ameelewa. Asipoweza, hakuelewa, hata kama ametamka kila neno kama mtu wa London. Hakuna mtihani wa kweli kuliko huo, na msimamizi wake hahitaji kujua neno moja la Kiingereza. Na bibi ambaye hata Kiswahili chake ni cha kuazima, asimuliwe kwa Kikaguru. Lugha hiyo si ya kuonewa haya. Sarufi yake ilichapishwa 1886, na J. T. Last aliyekuwa mmisionari wa Mamboya. Mtoto asimuliaye hadithi moja katika lugha tatu hakupoteza wakati. Ameishika hadithi pande zote.

Jambo hilo lina faida ya pili. Katika nyumba ambamo Kiingereza huletwa kwa kumpita mama, mtoto hujifunza upesi kumdharau mama. Katika nyumba ambamo mama ndiye mwenye kuuliza, heshima yabaki mahali pake.

Basi mpango wangu kwa nyumba ya Magomeni ni mdogo. Kwa mwaka mmoja, vitabu kumi na viwili vyatosha, kimoja kwa mwezi. Juma la kwanza la mwezi, hadithi isomwe au isimuliwe kwa Kiswahili mpaka mtoto aijue. Juma la pili isomwe kwa Kiingereza siku tano, dakika kumi na tano, si zaidi. Juma la tatu mtoto aonyeshe kwa kidole maneno ayajuayo, kisha ayaandike. Juma la nne asimulie: kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza kadiri awezavyo, hata kwa maneno manne, wala asichekwe. Miezi ya kupalilia na kuvuna, somo lipunguzwe. Shamba nalo lina masomo yake. Na kwa kuwa vitabu ni ghali, nyumba sita za jirani zinunue viwili viwili na kubadilishana. Kila nyumba itakuwa imesoma kumi na viwili kwa bei ya viwili. Kitabu kivikwe jalada la gazeti, kiwekwe mbali na moshi na mbali na mbuzi.

Mtoto akikua, aweza kuendelea kwa njia ile ile katika vitabu vikubwa. "Mashimo ya Mfalme Sulemani" yalitolewa kwa Kiswahili 1929, na vizazi vingi vya wasomaji wetu vilionja utamu wa riwaya kwa kitabu hicho kabla ya kuuona mwandiko wake wa Kiingereza. Hawakupungukiwa kwa kuanza hivyo.

Najua kwamba haya hayatawapendeza wote. Wako wanaotaka mtoto wa miaka mitano ajibu kwa Kiingereza mbele ya wageni, na kitabu kisichotoa tunda hilo kwa mwezi mmoja hukitupa. Kwa hao sina dawa. Lakini kwa mzazi atakaye mtoto wake aingie Kidato cha Kwanza akiwa hana hofu ya ukurasa, neno langu ni moja. Asiulize kwanza kitabu kimetoka nchi gani, wala kina kurasa ngapi, wala ni cha mpango uliosifiwa na nani. Akisome, akifunge, amwambie mtoto asimulie. Mtoto akisimulia, kitabu kimefaa. Akinyamaza, kirudishwe, kitafutwe kingine.